Shindano la sloti la bure: gharama yake iko wapi?

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nauza viazi karai na bajia jioni hapa Buntwani, Malindi. Mimi si mcheza kamari wa kusema. Ijumaa huweka hamsini au mia kwenye sloti za simu, zile mashine za kamari za picha zinazozunguka, ikiliwa nalala. Wiki iliyopita nililetewa ujumbe wa shindano la bure: mizunguko 50, dakika 10, laki moja kugawanywa kwa watu 200. Niliingia nikawa wa 143, nikapewa bonasi ya sh 200. Ilipobaki kama ishirini, na masharti bado yanadai nizungushe madau ya jumla ya sh 3,500 kabla ya kuitoa, nikaongeza mia tatu zangu kidogo ili nimalize. Haikufika. Jumatatu wakaniwekea bonasi nyingine ya 50 bila kuomba. Ijumaa hii wana shindano tena. Mume wangu asema ni kamari tu, mimi namwambia cha bure hakina hasara. Je, inafaa niingie? Nimekutumia picha za masharti yao na jedwali la washindi.

Jibu

Marahaba, dada yangu. Masharti nimeyasoma mara mbili, pamoja na yale maandishi madogo ya chini, na nitakujibu kwa hesabu maana ndiyo kazi yangu. Kabla sijaenda kufundisha, nilikaa miaka tisa nyuma ya kaunta ya ukumbi mmoja wa mashine za kamari hapa pwani. Mashindano ya bure nimeyaona kwa upande wa wenye nyumba.

Kwa ufupi ni hivi. Mtu akiingia, akacheza dakika zake kumi, akafunga simu na kurudi kwenye shughuli zake, shindano la bure halimwibii kitu, na anaweza siku moja kuokota chochote. Akilitazamia kama kipato, amepotea. Lakini wewe, kwa jinsi ulivyoniandikia, Ijumaa hii nakuomba usiingie. Sababu umeiandika mwenyewe, iko kwenye zile mia tatu, na nitaifikia baada ya kukuonyesha jinsi jambo lenyewe linavyokwenda.

Tuanze na neno bure, maana kwenye sloti hutumika kwa mambo matatu yasiyofanana. Liko shindano la bure kweli: unapewa mizunguko isiyo na thamani ya pesa, saa inahesabu, unachoshinda kinaandikwa kama alama, na mwisho wenye alama nyingi wanapewa zawadi. Shilingi yako haiguswi. Halafu liko lile la kujiunga bure, ila alama unazipata kwa mizunguko unayoilipia mwenyewe kwenye mashine walizozichagua. Hayo ni mbio za kutumia pesa, na mara nyingi anayeongoza ni aliyetumia nyingi kuliko wenzake. Ukikutana nalo lipite, hakuna haja hata ya kusoma zawadi. La tatu ni hili ulilonitumia: mara ya kwanza unaingia bure, na chini ya kitufe cha kuanza wameandika kwa rangi ya kijivu, "Ingia tena kwa sh 30, alama yako bora ndiyo itakayohesabiwa."

Sasa zawadi. Laki moja ni neno zito, lakini nimeifungua kwenye jedwali lako na ndani imekaa hivi. Wa kwanza 20,000, wa pili 10,000, wa tatu 6,000, na wa nne hadi wa kumi 2,000 kila mmoja. Hizo ni pesa za kutoa, na jumla yake ni 50,000. Wa 11 hadi wa 50 wanapata bonasi ya 500 kila mmoja, na wa 51 hadi wa 200 bonasi ya 200. Hizo nazo ni 50,000, lakini ni za kuchezea tu. Kwa hiyo nusu ya laki yenyewe inagawanywa kwa watu 10, na nusu ya pili haitoki nje ya mashine mpaka ukamilishe masharti.

Jedwali la wiki iliyopita linaonyesha wachezaji 6,400. Tuchukulie kwamba wote wana nafasi sawa, jambo ambalo si kweli kama utakavyoona. Nafasi ya kuingia kumi bora ni 1 katika 640. Ukicheza kila Ijumaa bila kukosa hata moja, kwa wastani utaipata mara moja katika miaka 12 na zaidi, na huenda ukaipata ukiwa wa tisa. Ukigawa zile 50,000 za pesa taslimu kwa watu 6,400, kila mmoja anaangukiwa na shilingi 7 na senti 80. Hiyo ndiyo thamani ya tiketi yako kwa pesa unayoweza kwenda nayo sokoni. Haifiki bei ya andazi moja, na bado hujatoa bando la intaneti.

Hata hivyo, shilingi saba za bure si hasara. Ukiwa umekaa tu unangoja mafuta yachemke, na huna la kufanya kwa dakika kumi, hapo mume wako hana hoja ya hesabu. Hoja inaanzia kwenye zile thelathini.

Sikiliza, maana hapa hata watu wanaojiona wajanja wa kamari hupitwa. Anayelipa 30 kuingia tena ananunua tiketi ileile. Hata tukizihesabu bonasi zote kana kwamba ni pesa kamili, laki moja kugawanywa kwa tiketi 6,400 ni shilingi 15 na senti 62. Kwa hiyo analipa 30 kununua kitu kisichofika 16. Na tiketi ni nyingi kuliko watu, kwa sababu wengine wameingia mara tano au kumi, hivyo thamani halisi iko chini zaidi ya hapo. Sloti nyingi za mtandaoni zimepangwa kurudisha, kwa wastani wa mizunguko mingi sana, kama 95 hadi 97 kwa kila mia, tuchukue 96. Shilingi 30 ukiiweka kwenye sloti ya kawaida, wastani wake hurudi 28 na senti 80. Shindano hili la bure, pale linapoanza kulipiwa, linakula kuliko mashine yenyewe. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa zaidi.

Tena hao wanaoingia mara kumi ndio unaoshindana nao. Wewe una alama moja ya bahati moja; mwenzako amechota mara kumi na anapeleka iliyo bora. Ndiyo maana nikasema nafasi si sawa. Mtu wa bure katika shindano la aina hii anajaza jedwali ili wengine waone wako kwenye mashindano makubwa.

Je, kuna ufundi wowote? Upo mmoja, nao ni kasi. Kwa kuwa alama unazoshinda haziwezi kupotea na muda ukiisha mizunguko iliyobaki inafutwa, kazi yako ni kubonyeza mizunguko yote 50 bila kusimama kushangilia. Intaneti nzuri inasaidia, maana ikikwama dakika mbili umepoteza tiketi. Pia shindano lenye watu wachache, tuseme la mchana katikati ya wiki, huenda likawa bora kuliko la Ijumaa usiku lenye laki moja, kwa sababu wanaogawana ni wachache. Zaidi ya hayo hakuna. Matokeo ya kila mzunguko hutolewa na programu inayochagua namba bila mpangilio, na mzunguko huu haujui lolote la mzunguko uliopita. Hakuna mashine iliyoiva, hakuna saa yenye nyota. Kuwa kwako wa 143 ni bahati njema, nakupongeza kwa hilo, lakini hakukusogezi karibu na kumi bora Ijumaa hii. Unaanza palepale anapoanzia aliyekuwa wa 6,000.

Lakini hiyo kasi ina madhara yake, nami naiona ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Tangu Oktoba 2021 Uingereza imezikataza sloti za mtandaoni kuzunguka kwa chini ya sekunde mbili na nusu kwa mzunguko mmoja, na ikaondoa kitufe cha kuziacha zizunguke zenyewe. Walifanya hivyo kwa sababu kasi ndiyo inayomaliza pesa za mchezaji kabla hajapata nafasi ya kufikiri. Hebu ipime kwako. Ukizungusha sh 10 mara 300 kwa saa, umepitisha 3,000, na asilimia 4 inayobaki kwa mashine ni 120. Ukizungusha mara 900 kwa saa, umepitisha 9,000, na umeacha 360. Mashine ni ileile, dau ni lilelile, kilichobadilika ni kidole. Shindano linakufundisha kidole cha haraka kwa dakika kumi, likupe na sifa juu yake, kisha linakufungulia mlango wa pesa zako kidole kikiwa bado moto.

Nikueleze nilichokiona. Usiku wa shindano katika ule ukumbi, kabla ya saa mbili fundi alipita na ufunguo wake kwenye mashine 12 za mstari wa mbele na kuziweka katika hali ya mashindano. Katika hali hiyo mashine hutoa ushindi kwa wingi kuliko siku zote, kwa kuwa zinazotoka ni alama tu na mwenye ukumbi hapotezi kitu. Kengele hulia mfululizo, taa zinawaka, watu wanapiga kelele kama wako kwenye ngalawa za mashindano. Saa tatu shindano likaisha, fundi akarudi na ufunguo uleule akazirudisha zilivyokuwa. Hakuna aliyetangaziwa. Watu walikuwa wanagombea kukalia mashine zilezile, wakiamini zimechangamka.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo, muuza samaki, aliyeshika nafasi ya tatu usiku mmoja wa namna hiyo. Zawadi yake ilikuwa vocha ya kuchezea, si pesa. Nilimhesabia mimi sarafu za plastiki, naye akazipokea kwa mikono miwili na kuniombea dua. Saa tano unusu alirudi kaunta. Alifungua kifundo cha leso, akatoa noti zilizokunjwa ndogo kama vipande vya tambuu, akazikunjua moja moja juu ya kioo na kuzinyoosha kwa kiganja. Zilikuwa na harufu ya samaki, kwa hiyo nilijua ni za mtaji wa alfajiri. Nilizipokea, maana hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa. Nilipaswa kumwambia habari ya ufunguo wa fundi na sikumwambia, na ndiyo maana leo naandika haya yote kwa urefu.

Mtandaoni hakuna fundi wa kumwona. Lakini mwaka 2005 watafiti wa Kanada walizichunguza tovuti 117 za kamari na wakakuta kwamba karibu nne katika kila kumi zilirudisha zaidi ya mia kwa mia wakati mtu anacheza mchezo wa kujaribu bila pesa. Siwezi kusema shindano lako limepangwa hivyo. Nasema mizunguko isiyo ya pesa isikufundishe chochote kuhusu mizunguko ya pesa.

Sasa turudi kwenye mia tatu zako.

Bonasi uliyopewa ni 200, na masharti yanasema uizungushe mara 40 ndani ya siku saba. Hiyo ni 8,000. Kwa dau la sh 10 ni mizunguko 800. Kwa wastani, kuzungusha 8,000 kunagharimu asilimia 4, yaani 320. Umepewa 200 ya kulipia safari ya 320. Wengi wanakwama njiani, kama ulivyokwama. Wachache bahati inawabeba wanafika, na hao ndio wanaowekwa kwenye matangazo. Bonasi ya 500 ni vivyo hivyo: 20,000 za kuzungusha, gharama ya wastani 800.

Kama ungeiacha ife ilipobaki ishirini, usingepoteza kitu. Ungekuwa umecheza bure siku mbili na jambo limekwisha. Lakini ulikuwa umeshazungusha 4,500 kati ya 8,000, ukaona aibu kuziacha, ukaona umefika zaidi ya nusu. Basi tuone ulichonunua. Tangu Julai 2025, kwa sheria ya fedha ya mwaka huo, hapa Kenya ukiweka pesa kwenye pochi ya kamari inakatwa ushuru wa asilimia 5, na ukitoa inakatwa asilimia 5 nyingine. Mia tatu yako iliingia ikiwa 285. Pamoja na ile ishirini ni 305. Masharti yaliyobaki, 3,500, gharama yake ya wastani ni 140. Kwa hiyo hata mambo yangekwenda sawasawa kama hesabu inavyotaka, ungebaki na 165, na baada ya ushuru wa kutoa ungepata kama 157 kwenye M-Pesa. Uliweka 300 ili upate 157, na hapo ni kama mambo yamekwenda vizuri.

Wewe unajua dema linavyosukwa. Mlango wa samaki kuingilia ni mpana kwa nje, unapungua kadiri anavyosogea ndani, na chambo kiko pale cha kutosha, hakuna anayemdai. Akitaka kurudi, ncha za ule ule mlango zinamkabili. Masharti ya mara 40 ndiyo ncha zenyewe. Yamewekwa pale ili mtu mwenye 20 na deni la 3,500 afanye ulichofanya.

Na usijione mjinga kwa hilo. Mwaka 1990 Wamarekani wawili, Richard Thaler na Eric Johnson, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba mtu aliyetoka kushinda huicheza pesa ile kwa ujasiri ambao hana kwa pesa ya jasho lake, na kwamba aliyepoteza huvutwa sana na nafasi yoyote ya kurudi alipoanzia. Wewe vyote viwili vimekupata ndani ya siku tatu. Ijumaa ulikuwa na pesa isiyo na uchungu. Jumapili ulikuwa unajaribu kuirudisha, kwa pesa ya viazi.

Kwa hiyo, baina yako na mume wako, wewe ulikuwa na haki kwa dakika kumi za mwanzo. Baada ya hapo haki ilihamia kwake. Kama anasema kamari kwa maana ya dini, hilo mimi si mtu wake. Sura ya Al-Maida, aya ya 90, inaitaja maisiri, yaani kamari, waziwazi, na kama mchezo usio na dau bali una zawadi unaingia humo au la, mwulizeni sheikh mnayemwamini. Nawaomba tu mkienda kwa sheikh mpelekeeni na masharti haya ya kuingia tena na ya kuzungusha, msimwambie tu kwamba ni bure.

Jambo jingine ambalo hukuuliza. Angalia kama kampuni ina leseni ya Kenya. Sheria ya zamani ya 1966 imebadilishwa na Sheria ya Kudhibiti Kamari iliyotiwa saini Agosti 2025, ambayo inaunda mamlaka mpya ya kusimamia michezo hii. Tovuti isiyo na leseni ya hapa ikikataa kukulipa huna pa kushtaki. Na kama umeshinda shindano halafu mtu anakupigia akitaka utume ada kwanza ili zawadi iachiliwe, huyo ni mwizi, haijalishi anajua jina lako na nafasi uliyoshika. Zawadi halali hukatwa ushuru ndani kwa ndani, haidai utume pesa mbele. PIN ya M-Pesa usimpe yeyote.

Halafu namba yako. Ulipojiandikisha kwa shindano uliwapa simu na kitambulisho, na hicho ndicho walichokuja kuchukua kwako. Mizunguko 50 ya bandia haiwagharimu kitu, na sasa wana namba ya mtu ambaye wameona kwa macho yao anaweka mia tatu siku mbili baadaye. Ile bonasi ya 50 ya Jumatatu haikuja kwa bahati. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kukataa kutumiwa matangazo, kwa hiyo waandikie, au piga huduma kwa wateja, uwaambie waache. Wakiendelea, lalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Data.

Sasa, wako watu ambao ningewaambia waingie. Nina jirani, mstaafu, ambaye hucheza shindano la bure kila mwezi. Hana pesa yoyote kwenye pochi ya kamari, hajawahi kuingia mara ya pili, na bonasi huziacha zikafa. Kwake ni kama karata za barazani. Mwaka mzima ameshinda mara moja, pesa taslimu ndogo, akaitoa siku ileile. Mtu wa namna hiyo anapata anachokitafuta. Ukiwauliza wachezaji wa kawaida mia, sijui ni wangapi wako hivyo, lakini kwenye kaunta yangu niliwahesabu kwa vidole.

Wewe bado hujaumia. Mia tatu si msiba, na Ijumaa zako za hamsini unazimudu. Ndiyo maana naona huu ndio wakati wa kusimama kidogo, kabla msimu wa watalii wachache haujafika na Buntwani ikapungua watu. Jioni hizo ndefu, mafuta yamechemka, wateja hawaji, simu iko mkononi, ndizo ninazoziogopa kwa niaba yako. Pesa ikiwa chache ndipo shindano la laki moja linaonekana kubwa.

Ukisoma haya yote na bado unataka kuingia siku moja, fanya hivi. Kabla hujaanza hakikisha pochi ya kamari ina sifuri. Cheza mizunguko yako mchana, kabla ya kwenda kazini, pakiwa na kitu kinachokungoja baada ya dakika kumi: viazi vya kumenya, mtoto wa kufuata shule. Kitufe cha kuingia tena kwako ni kama hakipo. Ukipata pesa ya kutoa, itoe saa hiyohiyo hata kama ni mia. Ukipata bonasi, mwambie mume wako kwamba umepata bonasi na kwamba hutaongeza chochote juu yake. Ukishalitamka mbele ya mtu ni vigumu zaidi kulivunja usiku. Na ikitokea tena ukaongeza pesa yako ili umalize masharti, ifunge akaunti, usiseme mara ya mwisho. Ukiona kuifunga kumekushinda, au unaanza kuficha, nenda hospitali ya serikali uombe kuonana na mshauri nasaha. Si lazima uwe umepoteza nyumba ndipo uende.

Ijumaa hii, basi, usiingie. Na ile bonasi ya 50 iliyokaa kwenye akaunti yako tangu Jumatatu, masharti yake ni yaleyale: 2,000 za kuzungusha ndani ya siku saba. Usiiguse. Jumatatu ijayo itajifuta yenyewe.